Filamu Tisa, Jioni Tatu: Namna ya Kuandaa Kipengele cha Waongozaji Wapya Nyanda za Juu Kusini

Mtazamaji wa Mbeya hakulelewa na tamasha. Alilelewa na kibanda umiza: mabenchi ya mbao, turubai la kuzuia mwanga, televisheni iliyoinuliwa juu ili wa nyuma naye aone, na sauti ya mtu anayeitafsiri filamu ya Kichina au ya Kihindi huku akiongeza chumvi zake. Pale Mwanjelwa au Uyole watu humjibu mhusika kwa sauti, humwonya kwamba adui kajificha nyuma ya mlango, na filamu ikiwachosha hawavumilii kimyakimya. Wanasema. Naanza na hilo kwa sababu waandaaji wengi wanaotaka kuleta filamu zisizofuata njia iliyozoeleka hudhani watu wa huku "hawajazoea". Wamezoea sana. Wametazama filamu nyingi kuliko wengi wetu tunaojiita wadau, na wanaijua sauti mbovu tangu dakika ya kwanza.

Kwa hiyo watu wakitoka ukumbini kabla filamu haijaisha, usikimbilie kuilaumu filamu kwamba ni ngumu. Mara nyingi mazungumzo hayakusikika, ama hotuba zilikula saa nzima, ama filamu ilipangwa mahali pabaya. Kuthubutu ni kazi ya mwongozaji. Ya mwandaaji ni kuilinda filamu ya aliyethubutu mpaka ifike machoni pa watu ikiwa nzima.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu watano hadi wanane ambao tayari wana tamasha dogo, au hata wiki ya utamaduni ya chuo, na wanataka kutenga humo kipengele cha filamu huru za waongozaji wanaoanza. Hesabu ninayoipendekeza ni filamu tisa kwa jioni tatu: kila jioni fupi mbili na ndefu moja. Ukizidisha hapo utakuwa unajaza ratiba tu. Anzeni miezi sita kabla.

1. Andikeni sharti lenu kwa sentensi moja

Vipengele vya namna hii huko vilikoanzia vilizaliwa na ugomvi. Mei 1968 tamasha la Cannes, Ufaransa, lilikatishwa katikati kwa sababu ya machafuko ya mwaka ule, na mwaka 1969 chama cha waongozaji kikaanzisha kipengele chake pembeni, Quinzaine des Réalisateurs (Wiki Mbili za Waongozaji), kisichotoa tuzo kwa mtindo wa shindano kuu. Wahakiki walikuwa wamewatangulia: Semaine de la Critique (Wiki ya Wahakiki), hapohapo Cannes, ilianza mwaka 1962. Tamasha la Berlin, Ujerumani, likapata kipengele chake, Forum, mwaka 1971. Hata tamasha la Sundance la Marekani, yenyewe ikiwa nyumba ya filamu huru, ilifika mahali ikaona nyumba imekuwa ya wenye pesa, na mwaka 2010 ikafungua kipengele cha NEXT kwa filamu za bajeti ndogo zenye namna mpya ya kusimulia.

Cha kuiba kwao ni ufupi wa sharti. Semaine de la Critique huchukua filamu ya kwanza au ya pili ya mwongozaji. Basi. Hakuna insha ya dira na dhamira. Kwa kipengele cha huku, mimi ningeandika hivi: "Filamu ya kwanza au ya pili ya mwongozaji, ambayo yeye mwenyewe ana neno la mwisho kwenye uhariri, na inayojaribu namna ya kusimulia ambayo hatujaizoea." Sehemu ya kwanza ni rahisi kuihakiki. Sehemu ya pili itawaletea maneno, kwa sababu filamu nyingi zinazopigwa mikoani hulipiwa na miradi: Ukimwi, ndoa za utotoni, utunzaji wa vyanzo vya maji. Ni kazi halali na zimewalisha mafundi wengi. Swali la kumuuliza mwongozaji ni moja: aliyelipa angetaka mwisho ubadilishwe, nani angeshinda? Akijibu "aliyelipa", filamu hiyo ina mahali pake kwingine kwenye tamasha.

Sehemu ya tatu ndiyo inayohitaji mzungumze ninyi kwa ninyi usiku kucha. Mtu akisikia uthubutu anawaza matusi, damu na vitanda. Hayo hayamgharimu mwongozaji chochote. Kamera yoyote inaweza. Uthubutu ninaousemea ni wa namna. Filamu ya dakika 20 iliyosemwa yote kwa Kisafwa, isiyoomba radhi. Hadithi nzima inayopita ndani ya kichwa cha lori kutoka Tunduma hadi Makambako, tusiione barabara isipokuwa kwenye kioo cha pembeni. Msiba wa Kinyakyusa unaopigwa kutoka jikoni, kwa wanaopika, na marehemu asitajwe jina mpaka mwisho. Kichekesho ambacho hakuna anayepiga kelele, jambo ambalo kwa Bongo muvi ni mapinduzi. Andikeni mifano yenu mitano ya kubuni kama hii kabla hamjapokea filamu hata moja. Itawasaidia mtakapobishana.

2. Karatasi kabla ya bango

Hatua hii ni kavu na haina ujanja. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, pamoja na marekebisho yake, ndiyo inayosimamia uoneshaji wa filamu hadharani Tanzania Bara, na mwenye dhamana ni Bodi ya Filamu. Filamu hukaguliwa na kupewa daraja la umri kabla ya kuoneshwa. Mlango wa kuanzia mkoani ni Afisa Utamaduni. Nenda kwake mapema, nenda na orodha hata kama haijakamilika, na usiende ukiwa umeshachapa bango lenye jina la filamu ambayo haijakaguliwa. Ukumbini, daraja la umri liandikwe mlangoni kwa herufi kubwa, na awepo mtu wa kulisimamia. Jioni yenye filamu ya watu wazima mtoto asiingie hata kama ni wa mwenyekiti wa mtaa.

Filamu yenye jambo zito isifichwe kwenye maombi. Najua kishawishi kilivyo. Lakini filamu inayozuiwa jioni yenyewe, watu wameshakaa, humwumiza mwongozaji kuliko filamu iliyobishaniwa ofisini wiki nane kabla, kwa sababu ofisini bado kuna nafasi ya kueleza.

Hakimiliki nayo iwe kwenye maandishi. Ukurasa mmoja unatosha: jina la filamu, tarehe na ukumbi, idadi ya maonesho (moja), na kwamba nakala itafutwa baada ya hapo. Isainiwe na mwongozaji au mtayarishaji mwenye haki. Muulize kuhusu muziki. Waongozaji wengi wanaoanza hubandika wimbo wa Bongo Fleva kwenye tukio la mwisho bila kumwuliza mtu, na huo ndio uzembe unaoweza kuwaletea wote barua. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ndiyo ya kuuliza mkiwa na shaka. Asiye na ruhusa, apewe wiki tatu abadilishe wimbo. Mara nyingi filamu hupona na kuwa bora. Kijana anayejua kupiga zeze au ngoma yupo kijijini kwao na hajaombwa.

3. Tarehe, baridi, na ratiba ya ligi

Mvua za huku huanza Novemba au Desemba na kuachia Aprili mwishoni. Mvua ikigonga bati, hakuna spika itakayoshindana nayo, kwa hiyo miezi hiyo iondoeni. Juni na Julai ni kavu lakini usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na Njombe ni zaidi. Onesho la uwanjani miezi hiyo ni adhabu. Septemba hali ya hewa ni nzuri ila vyuo huwa vimefunga, na wanafunzi ndio robo tatu ya watakaojaza viti siku ya kwanza. Mimi ningechukua wiki ya mwisho ya Mei, kabla baridi haijakomaa na kabla mitihani haijakaribia. Mwanzoni mwa Agosti usiguse: Nane Nane inajaza nyumba za wageni zote kuanzia Uyole, na kila mwenye spika kubwa ameshakodiwa uwanja wa John Mwakangale.

Kisha tazama ratiba ya ligi. Sitanii. Jioni ambayo Simba na Yanga wanakutana, hata mama yako hatakuja.

Ndani au nje? Nje kuna mvuto wake, watu wapitao husimama na kubaki. Lakini filamu za kipengele hiki mara nyingi zina ukimya, na ukimya hauishi mbele ya barabara ya bodaboda. Wekeni jioni mbili ndani, moja ya mwisho nje kama mna uwanja uliojitenga. Mwishoni mwa Mei jua la Mbeya huzama karibu saa kumi na mbili na nusu. Kwa projekta, giza la kutosha hupatikana saa moja na robo. Ukumbi wa chuo ni mzuri. Ukumbi wa kanisa ni mzuri pia na mara nyingi una viti bora, ila mwoneshe mhusika orodha ya filamu kabla hujalipa. Iringa, wenye nafasi ya kati ya mji, pale Gangilonga na kushuka, wana bahati ya watu kutembea kwa miguu. Mbeya imelala kando ya barabara kuu kama nyoka, kwa hiyo panga na watu wa bajaji mapema wakusubiri saa nne usiku. Dada wa chuo anayejua hana usafiri wa kurudi hatakaa kwenye mjadala, na huyo ndiye uliyemtaka zaidi akae.

4. Mwaliko wa filamu

Fungua mwaliko miezi mitano kabla, ufunge miezi mitatu kabla. Tovuti ya FilmFreeway inafaa kupokelea filamu za mbali, lakini usiifanye mlango pekee. Yupo kijana wa Chunya mwenye filamu kwenye flashi na hana bando la kupandisha hata dakika kumi. Mpe anwani ya kutuma kwa basi, mpe na namba ya simu. Kuwasilisha filamu kuwe bure.

Filamu zilizotumwa kwa WhatsApp kama video zikatae kwa upole, kwa sababu zinafika zimebanwa hadi sura zimekuwa uji. Mwombe atume kiungo chenye nywila au faili lenyewe.

Fomu iwe na maswali machache: muda wa filamu, lugha, umri wa watazamaji, ni filamu yako ya ngapi, nani ana neno la mwisho. Na moja la ziada ambalo nimeliona likifanya kazi: "Ni kitu gani kwenye filamu hii ambacho uliambiwa usikifanye?" Majibu yake huwa matamu kuliko muhtasari wa hadithi, na huwa yanakuonesha haraka nani alithubutu na nani alipitiwa tu.

5. Uteuzi

Hapa ndipo vipengele vingi hufa. Jopo linakaa, kila mtu anatoa alama kati ya moja na tano, zinajumlishwa, zilizopata nyingi zinaingia. Inaonekana haki. Tazama hesabu: filamu A imepata 3, 3, 3, 3, 3. Jumla 15. Filamu B imepata 5, 5, 2, 1, 1. Jumla 14. A inaingia, B inarudi kwao. Lakini A haina hata mtu mmoja aliyelala akiiwaza, na B ina wawili walio tayari kugombana kwa ajili yake na wawili waliokasirika. Kwa tamasha la jumla, chukua A ukitaka. Kwa kipengele cha wathubutu, ukichukua A umevunja sharti lako mwenyewe. Wastani huadhibu kila kinachozidi kipimo, kwa wema au kwa ubaya.

Dawa yake ni karata. Jopo liwe la watu watano, na kila mmoja awe na karata moja ya kuiingiza filamu bila kumwomba mtu kibali. Hapo zimepatikana tano. Nne zilizobaki ndizo mnazozijadili kwa pamoja. Mwenye karata ana wajibu mmoja: ataandika aya ya kuitambulisha filamu hiyo kwenye ratiba na kusimama nayo ukumbini. Utashangaa watu wanavyokuwa makini wakijua majina yao yatasimama kando ya walichokichagua.

Nani wawe watano hao? Mwongozaji mmoja, ila asiwe na filamu kwenye mwaliko. Mtu wa uhariri au sauti, kwa sababu yeye husikia kisichosikika. Mwalimu wa fasihi wa sekondari. Hawa wamesoma riwaya na tamthiliya nyingi na hawatishiki na hadithi isiyokwenda moja kwa moja. Mwanafunzi. Na wa tano, ambaye nitamtetea mpaka mwisho, ni mwendesha kibanda. Mtafute pale Mwanjelwa au Kihesa, umwite kwa heshima zake, umweleze unataka nini. Anajua dakika ambayo watu huanza kugeukageuka kwenye benchi. Nilimwona mmoja akiitazama filamu ya kimya ya dakika 12, mwanamke anapukuchua mahindi tu, sisi wengine tukitafuta maneno ya adabu ya kuikataa. Yeye akasema: "Hii waoneshe. Kila mtu hapa ana mama." Ikaingia kwa karata yake.

Kila filamu itazamwe na angalau watatu, na itazamwe hadi mwisho. Hili la mwisho wengi hulikwepa zikishafika filamu sitini. Filamu za waongozaji wapya huanza vibaya mara nyingi, kwa sababu dakika za kwanza ndizo walizopiga siku ya kwanza, hofu ikiwa juu. Ukikatiza dakika ya tano umehukumu hofu.

Na waandikie mliowakataa. Mistari minne, yenye jambo moja mahususi kuhusu filamu yake linaloonesha mliiona. Barua ya jumla ya "tumepokea maombi mengi mazuri" ichomeni.

6. Mpangilio wa jioni

Filamu ngumu kuliko zote iwekwe jioni ya pili, katikati. Jioni ya kwanza watu wanakuja kupima, wakiumia hawarudi. Jioni ya mwisho wanakuja na wageni wao. Ya pili wanakuja wale waliopenda ya kwanza, na hao wamekuamini kidogo. Ndani ya jioni hiyo, tanguliza fupi yenye kicheko, kisha ile ngumu ikiwa fupi, kisha ndefu inayoshikika. Ikiwa ngumu ndiyo ndefu, fupi zote mbili ziwe nyepesi na jumla ya muda isivuke dakika 110.

Lugha: filamu ya Kinyakyusa, Kihehe au Kibena iwe na maandishi ya chini ya Kiswahili. Mistari isizidi miwili, kila mstari herufi 40 hivi, rangi nyeupe yenye ukingo mweusi, na ikae sekunde za kutosha mtu asome bila kukimbizwa. Kijana anayeifahamu lugha hiyo aandike rasimu, mzee aliyeibobea aisahihishe. Tafsiri ya vijana wa mjini hupoteza ladha ya utani, na kwenye Kihehe utani ndio nusu ya mazungumzo. Yapachikeni maandishi kwenye picha moja kwa moja. Faili la pembeni lina tabia ya kupotea siku ya onesho.

Kuna watakaoshauri mtia sauti atafsiri juu ya filamu kama kibandani. Nimelifikiria sana na jibu langu ni hapana kwa filamu hizi, maana ukimya wake umepangwa. Lakini huyo mtia sauti usimwache nyumbani. Nitamrudia.

7. Mitambo

Skrini ya upana wa mita 4 inatosha watu 150. Kwa uwiano wa 16 kwa 9 kimo chake ni mita 2 na sentimita 25. Projekta ya kawaida ya ukumbi yenye uwiano wa 1.5 (umbali kwa upana wa picha) itakaa mita 6 kutoka kwenye skrini. Zidisha upana wa skrini kwa uwiano ulioandikwa kwenye projekta yenyewe, utapata umbali. Ndani ya ukumbi uliozibwa madirisha, lumeni 3,000 za ANSI, yaani mwanga uliopimwa kwa kipimo rasmi, zinatosha. Nje, tafuta 4,500 kwenda juu. Msisitizo uko kwenye neno ANSI: vile vidude vya bei rahisi vilivyoandikwa lumeni 9,000 kwenye boksi, ukiviwasha uwanjani utaona kivuli cha filamu.

Kitambaa kikunjamano kinaua picha. Kivuteni pembe zote nne kwenye fremu ya mabomba, na kama ni nje kiacheni mwanya chini upepo upite, la sivyo kitapaa kama tanga.

Kuhusu faili, omba MP4 ya H.264, 1920 kwa 1080, sauti ya kilohezi 48. Kwa kasi ya megabiti 20 kwa sekunde, filamu ya dakika 90 ni gigabaiti 13 na nusu hivi. Na hapa nikiri kosa langu. Mwaka mmoja nilikaa hadi saa nane usiku nikijaribu kunakili filamu kwenye flashi ya gigabaiti 32 iliyokuwa tupu, inakataa, naambiwa nafasi haitoshi. Flashi ilikuwa kwenye mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Ifomati kwa exFAT, matatizo yamekwisha. Weka nakala mbili, moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye diski ya pembeni (hard disk) iliyo mfukoni mwa mtu mwingine.

Siku moja kabla, tazama kila filamu dakika tatu za mwanzo, tatu za kati na tatu za mwisho kwenye projekta na spika zilezile. Andika kwenye karatasi kiwango cha sauti cha kila moja, kwa sababu hakuna mbili zinazolingana. Kompyuta izimiwe intaneti, taarifa za ujumbe na usingizi wa skrini. Kuna onesho moja ambapo meseji ya deni la vikoba ilipita juu ya uso wa mhusika aliyekuwa akilia. Watu walicheka hadi mwisho na tukio likafa.

Sauti ndiyo ya kutumia pesa. Ukumbi wa bati na kuta tupu hurudisha mwangwi na kuyachanganya mazungumzo. Tundika mablanketi ukuta wa nyuma, tena huku mablanketi mazito si shida kuyapata. Spika mbili mbele, zikae juu kidogo ya vichwa vya walioketi, zimeelekea katikati. Besi ipunguze. MC wa harusi wa mji huu wameharibu masikio ya mafundi wetu, wanadhani bila besi hakuna sauti. Kipimo chako kiwe tukio lenye mnong'ono kuliko yote kwenye filamu tisa: ukiusikia kutoka benchi la mwisho, umemaliza.

Umeme: projekta wati 400, spika na mikisa kama 1,000, kompyuta 100, taa ndogo 100. Jumla ni kilowati 1.6, kwa hiyo jenereta ya kVA 3 inakubeba bila kuhema. Iwe mita 30 nyuma ya jengo. Projekta ya taa ipitie kwenye UPS, yaani betri ya akiba, maana umeme ukikatika ghafla feni yake husimama taa ikiwa bado moto, na taa hizo ni ghali.

8. Jioni yenyewe

Anzeni saa mliyoandika. Mgeni rasmi akichelewa, filamu fupi ya kwanza itangulie, aingie gizani kama wengine. Nimeshuhudia hotuba ya dakika hamsini mbele ya filamu ya dakika kumi na nne. Mwongozaji alikuwa kasafiri kutoka Songea, amekaa kiti cha pembeni na suti ya kuazima, na ilipofika zamu yake nusu ya watu walikuwa nje wananunua mahindi ya kuchoma. Tangu hapo naandika kwenye barua ya mwaliko: dakika tano, baada ya filamu. Wengi wao hufurahi, hata wao wamechoka kuhutubia.

Mshereheshaji awe yule mtia sauti wa kibandani. Anajua kuukamata umati, anajua kuunyamazisha bila kuutukana. Mpe filamu azitazame kabla, mpe dakika mbili kwa kila moja, na umkataze kusimulia mwisho. Akiwaambia "hii ya pili haina maneno, msinitafute, leo mimi mwenyewe nimenyamazishwa", watu watacheka na watatulia. Kutoka kwako maneno hayohayo yangekuwa maagizo.

Baada ya filamu ndefu, mwongozaji asimame mbele na kipaza sauti kiende kwa watu. Swali la kwanza litakuwa hili, andaa roho: "Filamu yako inatufundisha nini?" Vizazi vyetu vimelelewa na ngano yenye fundisho mwishoni na filamu za elimu zenye ujumbe, kwa hiyo swali lina mizizi, lisidharauliwe. Tatizo ni kwamba mwongozaji mpya, kwa woga, atatunga fundisho pale pale na kuisaliti filamu yake. Mwandae mchana wake. Mwambie anaweza kulirudisha kwa adabu: "Mzee wangu, wewe umebaki na nini?" Wazee wa huku wakiulizwa hivyo hujibu kwa kirefu, na mara nyingi katikati ya jibu lao ndipo filamu inapofunguka kwa ukumbi mzima. Kuna bibi mmoja aliyeanza kwa kulalamika kwamba hakuelewa kitu, akamaliza kwa kueleza tukio la kisimani vizuri kuliko aliyelipiga.

Akitokea mkali anayesema filamu inaharibu mila, mpe kipaza sauti, umsikilize hadi mwisho, kisha mpe mwingine. Usijibu wewe. Mwongozaji ajibu akitaka.

Mjadala ukome dakika 25, hata ukiwa mtamu. Bajaji zinasubiri.

9. Pesa, kwa ufupi

Nauli na malazi ya waongozaji vitangulie kila kitu, kabla ya fulana na kabla ya bango la flex. Iringa hadi Mbeya ni kilomita 330 hivi, Dar es Salaam zaidi ya 800. Mtu aliyetumia akiba yake kupiga filamu asiambiwe ajigharamie kuja kuitazama. Kisha sauti. Kisha projekta. Chakula waungeni mkono akina mama wa jirani: wali wa Kyela, maharage na parachichi havijawahi kumkera mgeni. Viingilio vikiwepo viwe vidogo, na gawio la kila filamu liandikwe na kukabidhiwa palepale, hata likiwa elfu nane.

10. Jumatatu

Rudisheni viti na mablanketi, mkihesabu. Mpigie kila mwongozaji umpe namba tatu: waliokaa mwanzoni, waliobaki mwisho, waliouliza maswali. Mpe namba halisi hata zikiwa chungu, zitamsaidia akiandika maombi ya filamu ijayo kuliko cheti chenye dhahabu. Mweleze pia dakika ambayo watu walianza kugeukageuka. Mwendesha kibanda atakuwa ameiandika.

Halafu keti kwenye kompyuta ya onesho ufute filamu zote tisa kama mlivyoahidi kwenye karatasi, na kwenye diski ile ya mfukoni pia. Piga picha ya folda ikiwa tupu, uwatumie.